Corolla 110: pedeli ya breki inaingia nusu ndipo ishike. Nifunge masta kubwa au nianzie wapi?

Kijana_wa_Ligula (#1)

Wakuu, habari za jioni. Gari ni Toyota Corolla 110 ya 1998, injini 5A, gia otomatiki. Mbele diski, nyuma dramu, haina ABS. Kazi yake ni hapa hapa Mtwara mjini na mara mbili kwa wiki inapanda Newala.

Pedeli inaingia zaidi ya nusu ndipo breki zishike. Ukipampu mara mbili ya haraka inapanda na breki zinakuwa nzuri, ukiiacha dakika moja inarudi kule kule. Pedi za mbele zina wiki tatu tu. Kichupa cha mafuta ya breki kimejaa, ila mafuta yenyewe yana rangi ya chai ya mkandaa.

Ushauri niliopata mtaani ni wa aina mbili: nifunge masta silinda kubwa (ile pampu ya mafuta inayosukumwa na pedeli), au nitafute kalipa (kile kinachobana pedi kwenye diski) na diski kubwa za gari nyingine. Kipi kitaongeza breki?

---

SpanaKumi (#2)

Mkuu, weka pesa mfukoni kwanza. "Breki dhaifu" ni magonjwa matatu yenye jina moja, na kila moja lina dawa yake. Kipimo cha kwanza ni mguu wako, kwa hiyo fanya haya, gari ikiwa imesimama sehemu tambarare:

1. Injini imezimwa. Pampu pedeli mara tano sita hadi iwe ngumu. Ikandamize, usiachie, kisha washa injini. Inatakiwa izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, busta (kile kinachoongeza nguvu ya mguu kwa mvuto wa hewa wa injini) haipati vakyumu au imekufa.

2. Injini inaunguruma sailensi, yaani bila kukanyaga moto. Kandamiza pedeli kwa nguvu ya kawaida na ushikilie nusu dakika. Ikiendelea kuzama polepole mpaka chini, kuna mafuta yanavuja nje, au raba za ndani ya masta zinapitisha.

3. Hiki ndicho watu wengi hawakijui. Vuta handibreki kliki tatu nne, kisha kanyaga breki. Pedeli ikishika juu tofauti na ilivyokuwa, tatizo lako liko nyuma: shuu (vipande vinavyobana dramu kwa ndani) ziko mbali na dramu, na mafuta yote yanaishia kuzisogeza kabla hazijagusa.

4. Hesabu kliki za handibreki mpaka ikaze kabisa. Kwa gari hii kawaida ni kati ya 4 na 7.

Na useme pedeli inahisi vipi ikishashika: ngumu kama jiwe, au inabonyea kama godoro? Godoro ni hewa. Jiwe lisilosimamisha gari ni busta, au pedi zenyewe mbovu, au pistoni zimekwama kwa kutu.

---

Chuno_Garage (#3)

Mbona mnazunguka? Masta kubwa inasukuma mafuta mengi kwa mkanyago mmoja. Lazima pedeli ipande. Kazi ya saa moja hiyo.

---

SpanaKumi (#4)

Itapanda kweli, lakini breki zitapungua. Tupige hesabu. Masta ya 13/16 ya inchi ina kipenyo cha milimita 20.6, eneo lake karibu milimita za mraba 335. Ya 7/8 ina milimita 22.2, eneo karibu 388. Mguu ni ule ule. Nguvu ile ile ikigawanywa kwa eneo kubwa, presha inayofika kwenye kalipa inashuka kama asilimia 14. Dereva atahisi pedeli fupi na ngumu, aseme "sasa breki ipo", wakati gari inahitaji mguu mzito zaidi kusimama pale pale. Kosa hili linadanganya kwa sababu mguu unapenda pedeli ngumu.

Kipimo cha masta kimechapwa ubavuni mwa chuma chake. Ukibadilisha, rudisha kile kile.

Kalipa kubwa nayo ina kinyume chake: pistoni kubwa inameza mafuta mengi, pedeli inazidi kuwa ndefu. Na diski kubwa haziingii kwenye rimu ya 13, mara nyingine hata ya 14 inakwaruza kalipa. Halafu mbele kukiwa na nguvu nyingi kuliko nyuma, matairi ya mbele yanafunga mapema kwenye mvua. Watengenezaji walizipanga breki za mbele na nyuma kwa uwiano, ukigusa upande mmoja umegusa wote.

---

Chuno_Garage (#5)

Hapo kwenye presha nimekuelewa mkuu. Lakini ukweli ubaki, masta nyingi za gari hizi zimechoka.

---

SpanaKumi (#6)

Hilo halina ubishi. Zilizochoka zinajitokeza kwenye kipimo namba 2. Tusubiri majibu.

---

Kijana_wa_Ligula (#7)

Majibu haya hapa:
Namba 1: inazama kidogo, kama sentimita moja na nusu.
Namba 2: haizami. Imekaa pale pale.
Namba 3: pedeli imepanda sana! Inashika karibu na juu.
Namba 4: kliki 11.
Ikishashika inabonyea kidogo, si godoro kabisa.

---

SpanaKumi (#8)

Basi busta nzima, masta nzima kwa sasa. Ugonjwa uko kwenye dramu, pamoja na hewa kidogo au mafuta yaliyochoka. Hukuhitaji masta kubwa.

Kufungua nyuma: weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya mbele, legeza nati za tairi kabla ya kuinua, inua kwa jeki kisha weka stendi chini ya bodi. Usifanye kazi gari ikiwa juu ya jeki peke yake. Shusha handibreki. Dramu ikigoma kutoka, usiipige nyundo pembeni, inapasuka. Usoni mwake ina matundu mawili yenye nyuzi, yanaingia bolti za M8 (zile za spana 12). Ingiza bolti mbili na uzikaze kwa zamu, robo mzunguko kila moja, itajisukuma yenyewe. Ikigoma bado, shuu zimekamatwa na ukingo wa kutu. Legeza adjasta (kirekebishi cha umbali wa shuu na dramu) kupitia kitundu cha nyuma ya sahani, lile bati lililobeba shuu.

Vumbi usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbestosi, na hata zisizo nayo, vumbi lake si la kuvuta. Lowesha kwa maji ya sabuni, sugua kwa brashi.

Ukishasafisha, angalia haya:

*Wili silinda,* ile silinda ndogo inayosukuma shuu. Inua ule mpira wa vumbi kwa bisibisi bapa. Ukikuta unyevu ndani, imeshaanza kuvuja. Badilisha pande zote mbili, za kipimo kimoja. Shuu iliyoloa mafuta haina dawa. Watu wanaichoma kwa petroli, inakauka juu, ikipata joto mafuta yanatoka tena ndani.

*Unene wa shuu.* Kikomo cha kiwanda ni milimita 1. Ukishafungua na kukuta 2, badilisha tu, hufungui tena baada ya miezi mitatu.

*Dramu.* Kipenyo cha mwisho kimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Ikizidi hapo, hata shuu mpya hazitakaa vizuri, zitagusa katikati tu.

*Adjasta.* Hapa ndipo nadhani utapata jibu. Ile fimbo yenye gia ndogo ya meno lazima izunguke kwa vidole bila kukwama. Ifungue, isugue nyuzi zake, paka grisi ya joto kidogo. Na ya kushoto si ya kulia: nyuzi zake zinakwenda kinyume. Zikibadilishwa upande, kila inapojirekebisha inalegeza badala ya kubana.

*Sehemu sita za sahani ambapo shuu zinateleza.* Futa kutu, paka grisi ya joto nyembamba kama unapaka mafuta ya midomo. Ikizidi inamwagikia shuu.

Kurekebisha: rudisha dramu, zungusha adjasta kupitia kitundu hadi dramu ikwame, kisha rudisha nyuma meno 8. Dramu izunguke ikiwa na mkwaruzo mwepesi sana. Fanya hivyo pande zote mbili. *Baada ya hapo ndipo* uguse kebo ya handibreki.

Naweka msisitizo hapo kwa sababu kosa hili liko kila kona. Handibreki ikifika kliki 11, fundi anakaza kebo, kliki zinarudi 5, mteja anafurahi. Kebo iliyokazwa inaivuta ile arimu (mkono wa chuma) ya ndani ya shuu isirudi kwenye kituo chake, na adjasta ya gari hii inategemea arimu hiyo irudi ili ihesabu meno. Matokeo yake gari haijirekebishi tena kabisa, shuu zinaliwa, pedeli inazama mwezi hadi mwezi.

---

Dada_wa_Spea (#9)

Naongezea upande wa dukani. Ukija kununua shuu na pedi, usiulize "nipe za Corolla" peke yake. Njoo na namba ya chesesi, au njoo na ile ya zamani mkononi. Corolla 100 na 110 zina nyuma za aina zaidi ya moja, na kuna zenye diski nyuma.

Kwenye bati la pedi, pembeni, kwa bidhaa nyingi kuna maandishi yanayoishia na herufi mbili: EE, FF, GG na kadhalika. Herufi ya kwanza ni mshiko ikiwa ya kawaida, ya pili ni ikiwa ya moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari inayopanda na kushuka Newala chukua FF. FE maana yake ikipata moto mshiko unapungua, na moto ndio wakati unaouhitaji. Pedi isiyo na maandishi yoyote, hata boksi liwe zuri namna gani, mimi siwezi kuisimamia.

Wateja wangu wengi wanapenda pedi ngumu kwa kuwa "hazilikwi". Pedi isiyolikwa mara nyingi haishiki, au inakula diski. Chagueni.

---

Kijana_wa_Ligula (#10)

Asante dada. Zangu za mbele nimeziangalia, zina EE. Nizitupe?

---

Dada_wa_Spea (#11)

Hapana kaka, si bandia, ni mshiko wa chini tu. Maliza nyuma kwanza. Ukitosheka na breki, zitumie ziishe, ukija tena chukua FF. Ila ukiwa umefungua mbele, chomoa zile pini mbili za kalipa. Lazima ziteleze kwa kidole. Zikikwama, pedi moja inaisha na nyingine inabaki nene. Grisi yake ni ya silikoni au iliyoandikwa ya breki. Grisi ya beringi inavimbisha raba zake.

---

Mzee_Shangani (#12)

Vijana mmeyasahau mafuta. Rangi ya chai ya mkandaa maana yake yamekaa miaka. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, na sisi tunaishi kando ya bahari.

Mafuta ya breki yana madaraja yanayoitwa DOT. DOT 3 mapya yanachemka nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishavuta maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango cha chini kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka ndani ya kalipa yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea. Pedeli inakwenda chini mteremkoni, ukifika bondeni ikapoa inarudi kama hakuna kilichotokea. Ukimwambia fundi, anapima, anakuta nzima.

Tumieni DOT 4, inachanganyika na DOT 3 bila shida. DOT 5 tupu ni silikoni, haichanganyiki, msiiguse. DOT 5.1 ni kitu kingine, hiyo inakubali. Nunua kopo lililofungwa. Lililobaki nusu tangu mwaka jana halifai tena, hata kama lilikuwa na kifuniko. Badilisha kila miaka miwili.

Na tafadhali, aliyewahi kuona mtu anajaza oili ya injini au ya gia kwenye kichupa cha breki, amkataze. Oili ya namna hiyo inavimbisha raba zote, kuanzia masta hadi magurudumu. Hapo hakuna kuosha tena, ni kubadili kila raba na kila mpira.

---

Hilux_ya_Tandahimba (#13)

Samahani kuingilia uzi. Mimi ni pikapu Hilux, msimu wa korosho inabeba magunia, nimeongeza jani moja la spring nyuma. Tangu hapo mbele inapiga mbizi ikiwa na mzigo na nyuma haisaidii kitu. Shuu mpya, adjasta safi. Nini tena?

---

SpanaKumi (#14)

Mkuu, lala chini utazame juu ya ekseli ya nyuma. Utaona valvu ndogo imefungwa kwenye chesesi, ina fimbo au spring ndefu iliyoungana na ekseli. Inapima mzigo: bodi ikishuka inaruhusu presha zaidi nyuma, bodi ikiwa juu inaibana ili nyuma isifunge ikiwa tupu. Ulipoongeza jani, bodi ikapanda. Valvu inaamini gari ni tupu hata ukiwa na magunia mpaka juu ya kebini. Fimbo ina nafasi ya kurekebisha pale inapokamatwa. Irekebishe ilingane na kimo kipya, ukifuata kitabu cha gari hiyo kwa kuwa kipimo kinatofautiana. Usiing'oe na kuunganisha bomba moja kwa moja kama wanavyofanya wengine. Ikiwa tupu kwenye lami yenye maji, nyuma itakupita.

---

Chuno_Garage (#15)

Na ukiweka tairi kubwa zaidi ya za kiwanda, umeongeza urefu wa wenzo unaopambana na breki. Wengi wanasahau.

---

Kijana_wa_Ligula (#16)

Nimefungua leo. Kulia kavu, shuu milimita 3. Kushoto wili silinda imelowa ndani ya mpira, shuu imekula mafuta upande wa juu. Adjasta: ya kushoto ilifungwa kulia na ya kulia kushoto, kama #8 ilivyosema. Kebo ya handibreki imekazwa nyuzi hadi mwisho.

Nimenunua wili silinda mbili, shuu seti nzima, DOT 4 lita moja. Naomba utaratibu wa kutoa upepo (hewa) kwenye mafuta ya breki.

---

SpanaKumi (#17)

Vizuri. Legeza kebo kabisa kabla ya kufunga shuu mpya. Rekebisha adjasta, *halafu* toa upepo, kwa sababu shuu zikiwa mbali pedeli itakudanganya kwamba bado kuna hewa.

Kabla ya kuanza, nyonya mafuta machafu ya kichupa kwa bomba la sindano, jaza mapya. Usiyasukume yale ya chai kupita mfumo mzima.

Weka kipande cha ubao cha sentimita tano hivi chini ya pedeli. Masta ya gari ya 1998 imetembea sehemu moja ya silinda miaka yote, kule mwisho kuna kutu na uchafu. Ukiikanyaga hadi chini, raba zinapita juu ya kutu na kuchanika. Ndiyo maana unasikia "masta ilikuwa nzima, tumetoa upepo tu ikafa".

Usukani uko kulia, kwa hiyo anza gurudumu lililo mbali zaidi: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mpira mwembamba unaoonyesha, upande mmoja kwenye nipo (kile kiskrubu cha kutolea upepo), mwingine uzame kwenye mafuta ndani ya chupa. Msaidizi anakanyaga polepole na kushikilia, wewe unafungua nipo robo mzunguko, unafunga, *ndipo* unamwambia aachie. Akiachia kabla hujafunga, hewa inarudi. Kila mikanyago mitano jaza kichupa, kikikauka unaanza upya. Endelea hadi yatoke meupe bila mapovu. Lita moja inatosha na kubaki.

Nipo ikiwa na kutu, ipulizie mafuta ya kulainisha kutu jana yake na utumie spana ya kuzunguka pande sita, siyo ya mdomo wazi. Ikikatika ndani, umenunua silinda nyingine. Mafuta yakidondoka kwenye rangi ya gari, mwaga maji mengi papo hapo, yanababua.

Kitu kimoja cha kuchekesha kinachopoteza siku nzima: kalipa za mbele zikibadilishwa kushoto kulia, nipo inakaa chini badala ya juu. Hewa inakaa juu ya nipo, utatoa upepo mpaka Krismasi.

---

Mzee_Shangani (#18)

Ukiwa hapo, pinda ile mipira mitatu minne ya breki kwa vidole. Ikionyesha nyufa, badilisha. Kuna nyingine nje ni nzima, ndani imevimba na kuziba: mafuta yanakwenda kwa nguvu ya mguu lakini hayarudi, gurudumu moja linabaki limeshika na rimu inakuwa ya moto. Na mabomba ya chuma chini ya gari, kwa gari zinazokwenda ufukweni Msimbati, chumvi inayala kutoka nje. Ukitoka mchangani kule, mwaga maji baridi chini ya gari na kwenye dramu.

---

Kijana_wa_Ligula (#19)

Imekamilika. Pedeli inashika juu, kliki 6, mchezo wa juu kabla ya kuanza kusukuma ni kama milimita 4. Hakuna povu. Lakini gari bado haisimami kwa ukali niliotegemea, na kwa mbali inavuta kulia.

---

SpanaKumi (#20)

Mchezo wa milimita 4 uko sawa, kawaida ni 1 hadi 6. Shuu mpya hazijalala kwenye dramu, zinagusa vipande vipande. Tafuta barabara tupu na kavu. Kimbia 50, punguza hadi 15 bila kusimama kabisa, subiri nusu dakika, rudia. Mara nane hadi kumi. Mwishoni tembea dakika tano bila kugusa breki zipoe, na usivute handibreki zikiwa za moto. Kilomita 200 za kwanza usiwe na haraka.

Kuvuta kulia kukibaki baada ya hapo, gusa rimu za mbele ukitoka safari, kwa uangalifu. Upande wa kushoto ukiwa baridi kuliko kulia, kalipa ya kushoto haifanyi kazi yake. Anzia kwenye zile pini alizosema dada.

---

Kijana_wa_Ligula (#21)

Na kushuka Newala na otomatiki?

---

Chuno_Garage (#22)

Zima O/D (overdrive, gia ya juu kabisa) kabla hujaanza kuteremka, siyo katikati. Mteremko ukizidi weka 2, spidi ikiwa imeshapungua. Breki ikanyage kwa nguvu kwa muda mfupi, achia ipoe, rudia. Kuikalia mguu mwepesi njia nzima ndiko kunakochemsha mafuta. Ukisikia harufu kama ya raba inayoungua, simama pembeni dakika ishirini, usimwagie diski maji.

---

Kijana_wa_Ligula (#23)

Rimu ya kushoto mbele ni baridi. Pini ya chini imekwama, haitoki kwa mkono. Kesho nainunulia seti ya pini na raba zake.

---

Dada_wa_Spea (#24)

Njoo na kalipa yenyewe kaka, pini ya juu na ya chini hazifanani kwenye baadhi ya kalipa. Moja ina raba kwenye ncha, nyingine haina.